Nani hasa amekufutia kibali?

Miongoni mwetu Wakenya tunaofanya kazi Kampala, habari ya mwenzetu "aliyefutiwa kibali" husambaa kabla ya jua kuzama, na kila anayeisikia hukimbilia kuangalia tarehe zilizo kwenye karatasi zake mwenyewe. Nimezungumza na kadhaa waliovumishiwa hivyo. Wengi wao, walipoombwa barua ya kufutiwa, hawakuwa nayo, kwa sababu hakuna aliyewafutia kitu: muda wa kibali ulikuwa umekwisha, au kazi iliyokibeba kibali hicho ndiyo iliyokwisha. Kibali kilichokwisha muda hakina wa kulaumiwa isipokuwa kalenda. Kufutwa ni jambo jingine kabisa: ni uamuzi wa mamlaka, kwa hiyo lazima uwe na aliyeutoa, tarehe na sababu, na sheria inampa mhusika nafasi ya kuupinga.

Chombo chenye mamlaka ya kutoa na kufuta vibali vya wageni nchini Uganda ni Bodi ya Taifa ya Uraia na Uhamiaji, inayofanya kazi chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Mwajiri hana mamlaka hayo, askari wa kituo cha mtaani hana, na dalali anayezungukazunguka nje ya ofisi za uhamiaji, Jinja Road, akidai kwamba ana mtu wake ndani, hana hata chembe.

Sisi Wakenya tuna tatizo letu la ziada, nalo ni urahisi. Tunavuka Busia au Malaba kwa kitambulisho cha taifa tu, tumesikia habari za Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lililoanza kutekelezwa tarehe 1 Julai 2010, na tunajua kwamba Mkenya hatozwi ada ya kibali cha kazi hapa Uganda. Basi mtu huunganisha mambo hayo matatu akajiona huru kufanya kazi popote. Kusamehewa ada si kusamehewa kibali. Maombi lazima yawasilishwe, na kibali kikitoka huwa kimefungamana na kazi uliyoiombea na mwajiri aliyekuombea.

Mpishi mmoja kutoka Kisumu, aliyekuwa akifanya kazi katika hoteli moja upande wa Kabalagala, alinijia na barua iliyokunjwa mara nne. Mwajiri wake alikuwa amemwambia mbele ya wenzake kwamba amemfutia kibali na kwamba asionekane tena mjini. "Kaka, kwa hiyo niondoke kesho?" aliniuliza. Barua yenyewe ilikuwa na nembo ya hoteli, sahihi ya meneja na muhuri wa rangi ya zambarau uliopigwa upande, tena ilimtaja kwa jina lisilolingana na lile la pasipoti. Haikuwa na nambari ya faili ya uhamiaji wala kifungu chochote cha sheria. Ilikuwa barua ya kuachishwa kazi, basi, iliyovalishwa joho la serikali.

Hata hivyo sikumwambia akae kitako. Mwajiri anaweza kuiarifu idara ya uhamiaji kwamba fulani si mfanyakazi wake tena, na kuanzia hapo kibali kile hakimfai tena kupikia jikoni kwa mtu mwingine. Alikuwa na mambo mawili ya kufuatilia kwa wakati mmoja. Madai ya mshahara na notisi yalipaswa kupelekwa kwa ofisa wa kazi kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, na suala la kuendelea kukaa nchini lilipaswa kupelekwa uhamiaji, ambako mtu anaweza kuomba pasi maalumu wakati mwajiri mpya akimshughulikia kibali kingine. Wengi hulipigania moja wakalisahau la pili, kisha wakajikuta wameshinda madai ya mshahara huku wakikaa nchini kinyume cha sheria.

Woga wetu una historia, wala siudharau. Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin aliwatangazia wanajeshi mjini Tororo kwamba Waasia wangeondoka Uganda, na siku chache baadaye ilitolewa amri iliyofuta kwa mpigo mmoja vibali vya kuingia na hati za ukaazi za watu wenye asili ya Asia waliokuwa raia wa Uingereza, India, Pakistan na Bangladesh. Walipewa siku 90. Hakuna aliyeitwa kujieleza, na hakuna faili la mtu mmoja mmoja lililofunguliwa. Hata waliokuwa na uraia wa Uganda walipangwa foleni ili karatasi zao zihakikiwe, na wengi walikataliwa kwa hoja kwamba walichelewa kuukana uraia wa Uingereza. Kwa maoni yangu, ubaya wa amri ile haukuwa ukali wake pekee. Ubaya wake mkubwa ni kwamba haikumhusu mtu yeyote kwa jina, hivyo hakuna aliyeweza kusimama akasema kuwa sababu iliyotolewa dhidi yake si ya kweli.

Katiba ya mwaka 1995 ilikuja na kifungu kinachogusa hapo hapo. Kifungu cha 42 kinampa mtu yeyote aliye mbele ya ofisa au chombo cha utawala haki ya kutendewa kwa usawa, na haki ya kwenda mahakamani kuhusu uamuzi uliotolewa dhidi yake. Kimeandikwa kwa ajili ya mtu yeyote, si kwa ajili ya raia pekee. Hilo halikuzuia redio CBS ya Buganda kunyang'anywa leseni wakati wa ghasia za Septemba 2009 na kukaa kimya hadi Oktoba 2010, kwa hiyo sitaki mtu adhani kwamba kifungu peke yake ni ngao. Lakini kinatoa pa kuanzia.

Ikija barua ya kweli ya kufutiwa, andika siku uliyoipokea na ubaki na nakala, maana maombi ya kutaka mahakama iupitie uamuzi wa utawala hupaswa kuwasilishwa ndani ya miezi mitatu, na siku hizo hazikungoji wewe umtafute wakili. Omba sababu kwa maandishi ikiwa barua haikuzitaja. Ubalozi wetu ulioko Nakasero unaweza kukusikiliza na kukushauri, ila hauna uwezo wa kukurudishia kibali, kwa hiyo usiumalizie huko muda wako wote.