Taa ya spidi ya CG125 ya baba mdogo

Honda CG125 ya baba mdogo haikuwa na geji ya mafuta. Ilikuwa na koki chini ya tangi, mafuta yakikata unainama unaigeuza kwenye rizevu, unaomba Mungu sheli iwe karibu. Kwa hiyo aliyeizoea alihesabu kilomita. Siku ya kujaza tangi unakariri namba zilizo kwenye spidomita, halafu unazichungulia kila unapopata nafasi. Mchana hilo halikuwa na shida. Usiku zile namba hazikuonekana kabisa.

Mwaka 2013 ndipo aliponikabidhi. Macho yake yalikuwa yameanza kusumbua na mama mdogo, yaani mke wake, alishamwambia wazi kwamba pikipiki na miwani ya dukani haviendi pamoja. Mimi nilikuwa nafundisha sekondari nje kidogo ya Makambako, mke wangu alikuwa Njombe, na kati ya miji hiyo miwili ni kama kilomita 60 za lami. Ijumaa nikimaliza vipindi vya jioni nilikuwa naondoka giza limeshaingia. Mwezi wa sita na wa saba huko kuna ukungu na baridi ambayo mtu wa Pwani ukimsimulia anadhani unamtania. Nilikuwa na simu ya tochi, nikitaka kujua nimetembea kilomita ngapi nasimama pembeni, namulika kioo cha spidomita, naondoka tena.

Taa ya ndani ilikuwa inawaka, tatizo halikuwa hilo. Ilikuwa inatoa mwanga wa rangi ya chai, unaanzia chini ya kioo na kufia njiani kabla haujafika kwenye mshale. Fundi wa pikipiki pale stendi aliangalia mara moja akasema, "Mwalimu, weka LED tu, yamekwisha." Akachomoa balbu ya zamani, kioo chake kimekuwa cheusi kwa ndani kama balbu za nyuzi zinavyofanya zikizeeka, akapachika LED nyeupe za kichina. Kweli ziliwaka! Mashine ikiwa imesimama inanguruma zilikuwa zinapepesa, na nikipiga resi zinatulia lakini zinamwaga mwanga wa bluu ulionirudia kwenye kioo cha helmeti. Nilipita kwenye kona za kutokea Makambako naona spidi vizuri sana, barabara siioni. Macho yakishazoea giza yanaweza kuona mengi, ila yanahitaji karibu nusu saa kufika hapo, na mwanga mkali wa bluu chini ya pua unayarudisha mwanzo kila ukiyateremsha.

Aliyenisaidia hakuwa fundi wa pikipiki. Alikuwa mzee mmoja fundi redio, ana kibanda nyuma ya soko, meza yake imejaa bodi za redio zilizokufa na spika zisizo na koni. Nilikuwa nimempelekea redio ya shule. Wakati namsubiri nikamsimulia habari ya taa, nikitegemea atanipa pole tu.

"Ukifungua swichi bila kupiga kiki, taa kubwa inawaka?" akaniuliza.

"Haiwaki, mzee. Mpaka mashine iwake."

"Na honi?"

"Honi inalia. Indiketa nazo zinafanya kazi."

Akacheka. "Basi mwanangu, hiyo taa yako ya spidi haili kwenye betri. Inakula kwenye magineti, ule mtambo wa umeme unaozungushwa na injini, moja kwa moja, pamoja na taa kubwa. Niletee Jumamosi."

Jumamosi alitoka na testa yake ya mshale, ile ya zamani yenye ngozi iliyochanika. Tulitoa taa kubwa, nyuma yake ndiko nyaya zote za mbele zinakokutana. Honda wana utaratibu wao wa rangi ambao haubadiliki sana: kijani ni hasi, nyeusi ni umeme wa betri uliokwisha kupita kwenye swichi, kahawia ni wa taa za nyuma na za spidomita. Akagusisha testa kwenye kahawia na kijani, akaniambia nipige kiki. Mshale ukapanda. Nikipiga resi unapanda zaidi, nikiachia unashuka. Akahamia kwenye nyeusi, mshale ukasimama pale pale volti kumi na mbili na kitu, resi au bila resi.

Hapo ndipo nikaelewa ule upepesaji. Umeme wa magineti unageuka mwelekeo kila mara inapozunguka, na LED inakubali mwelekeo mmoja tu, kwa hiyo nusu ya muda inakuwa imezima. Mashine ikienda haraka jicho halitambui. Ikiwa kwenye mizunguko kama 1,400 kwa dakika, jicho linatambua. Balbu ya nyuzi haina shida hiyo kwa sababu uzi wake unabaki na moto, ila inaumia kwa njia nyingine: volti zikipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga wake unapungua kwa karibu asilimia 30. Ndiyo maana kila nilipoingia kwenye matuta nikapunguza mwendo, taa ya spidi ilikuwa inasinzia na mimi.

Fundi wa stendi, ambaye alikuwa amekuja kuangalia kazi ya mwenzake kwa jicho la wivu, alisema tukiihamishia kwenye betri tutaimaliza betri. Mzee hakubishana. Alichukua ile balbu ya zamani, akamwonyesha kitako chake: 12V 3.4W. Hiyo inakula kama miliampea 280. LED ndogo inakula kama 20. "Taa ya nyutro peke yake inakula zaidi ya hii," akasema, akarudi kwenye kazi.

Halafu tukafungua spidomita yenyewe, na kwangu mimi hapo ndipo palipokuwa na siri kubwa kuliko hata waya. Ndani ya kopo la spidomita watengenezaji hupaka rangi nyeupe ili mwanga wa balbu ugonge ukutani, uruke, uzunguke nyuma ya uso na kutokea pembeni. Ya baba mdogo ilikuwa imegeuka hudhurungi, na vumbi la barabara ya zamani limeganda juu yake. Shaba ya soketi ilikuwa na kutu ya kijani. Mzee aliifuta soketi kwa msasa laini alioukunja mpaka ukawa mwembamba kama kijiti cha kiberiti, akaifuta na sehemu ya hasi, kisha akaniuliza kama nina rangi nyeupe. Sikuwa nayo. Nilikuwa na tipeksi kwenye begi, mwalimu hakosi tipeksi. Tukapaka kuta zote za lile kopo kwa kile kibrashi chake kidogo, tukaliacha juani likauke vizuri, maana harufu yake si ya kufungia ndani.

LED nyeupe ya bluu aliikataa. Akatafuta kwenye kopo lake yenye mwanga wa manjano, akaanza kuijaribu na rezista, vile vidude vya kupunguza umeme, moja baada ya nyingine, mikono ameizungushia uso wa spidomita kutengeneza giza, mimi nachungulia katikati ya vidole vyake.

"Hapo?"

"Bado kali."

"Hapo?"

"Punguza tena kidogo, mzee."

Fundi wa stendi aliona ni upuuzi kununua LED halafu kuipunguza nguvu. Mimi hadi leo naona pale ndipo kazi ilipofanyika. Taa ya dashibodi haitakiwi kushindana na taa kubwa. Inatakiwa ienee sawasawa usoni, uangalie, usome, urudi barabarani. Mzee alipopata rezista aliyoitaka akaichomelea kwa risasi, akaunganisha kwenye waya mweusi, akapachika. Haikuwaka. Akaichomoa, akaigeuza upande, akairudisha, ikawaka. Kwenye umeme wa betri LED ina upande wake.

Faida moja hatukuipanga. Kwa kuwa sasa taa ilikuwa inawaka kila swichi ikifunguliwa, mashine iwake isiwake, haikuwezekana tena kuacha funguo na kwenda kulala. Baba mdogo alikuwa ameua betri kwa mtindo huo.

Usiku ule nilikwenda Njombe. Kulikuwa na ukungu kuanzia nusu ya njia. Namba zote zilisomeka, hata ile ya mwisho nyekundu inayohesabu mita mia mia, na kwenye vijiji vyenye kibao cha 50 niliweza kushika 50 badala ya kukisia kwa mlio wa injini. Ila mshale ulikuwa unacheza. Nikiwa kwenye mwendo mmoja wenyewe unatoka 40 unakwenda 60 unarudi, kama vile hauamini. Nilimpigia baba mdogo asubuhi.

"Huo mshale umeanza kucheza lini?" nikamuuliza.

"Miaka," akasema. "Mchana si unaangalia barabara? Na usiku ulikuwa hauonekani. Kwani wewe ulitaka uonekane, si wewe?"

Ilikuwa kebo imekauka. Nikaifungua kwenye gurudumu la mbele, nikavuta uzi wa ndani, umejaa kutu nyekundu. Nikaufuta kwa mafuta ya taa, nikaupaka grisi, isipokuwa kipande cha juu kinachoingia kwenye spidomita, kwa sababu grisi ikipanda mle ndani inachafua kila kitu, na tipeksi yangu ilikuwa bado mpya.