Nilivyopata spidiloda inayoufaa mkono wangu

Sekunde kumi na tatu. Ndizo nilizotumia kujaza risasi sita siku ya kwanza Afande aliponisimamia na saa, kwenye uwanja wa shabaha nje kidogo ya Nairobi. Nilikuwa nachopoa risasi mojamoja kutoka kifuko cha kiunoni, na mbili zikaangukia kwenye kokoto. Wenzangu karibu wote wana bastola za magazini. Mimi nina rivolva, bastola ya silinda inayozunguka yenye matundu (chemba) sita: Smith & Wesson Model 10 ya mtutu wa inchi nne, inayokula risasi za .38 Special, na sina mpango wa kuibadilisha. Naijua na inanikaa mkononi.

Afande alistaafu polisi, ila hatujaacha kumwita Afande. "Mama, bastola haina shida," akaniambia. "Tafuta spidiloda." Hicho ni kifaa kidogo cha kujaza risasi zote za rivolva kwa mkupuo mmoja. Kisha akanisimulia kisa cha Newhall, California, Aprili 1970: askari wanne wa barabara kuu waliuawa usiku mmoja, na mmoja wao aliuawa alipokuwa akijaza rivolva yake kwa risasi mojamoja. Baada ya hapo kikosi chao kikaanza kutumia spidiloda. Kisa hicho nilirudi nacho nyumbani, sikulala mapema.

Ya kwanza niliazimwa na mwenzangu: HKS, ile ya kuzungusha. Inashika risasi sita kwa duara, unazielekeza kwenye chemba, unazungusha kifundo cha juu, zinaachiwa. Risasi zake huchezacheza. Wapo wanaoipendea hilo, kwa sababu risasi inayocheza hujitafutia tundu lake. Kwangu mimi tatizo lilikuwa kifundo. Gumba langu la kulia liliwahi kuvunjika, na asubuhi za baridi ya Julai hukaza kama kijiti. Kuzungusha kitu kidogo hivyo, silinda nayo ikitaka kuzunguka pamoja nacho, kulinishinda mara moja katika kila tatu.

Ndipo nikaagiza Safariland Comp II. Hii huizungushi wakati wa kujaza, unaisukuma tu. Kitovu chake kikigonga nyota ya katikati ya silinda, yaani kile kibati kinachosukuma maganda nje, risasi zote zinaachiwa pamoja. Risasi zimeshikwa imara, kwa hiyo ni lazima uzilenge vizuri, lakini zikishaingia ncha tu, kiganja kinamaliza kazi. Gumba halihusiki.

Nilipoijaribu nyumbani kwa risasi za bandia, haikuingia! Risasi nne ziliingia, mbili zikasimama nje. Nilifikiri nimeuziwa saizi isiyo yake. Nikaiinamia chini ya taa, nikaona ubavu wa spidiloda unagonga kibao cha kushoto cha mpini. Vibao vyangu ni vya mti, vinene, vinajaza mkono vizuri, na juu kabisa vinapanda hadi kwenye njia ya silinda. Nikapaka chaki ubavuni mwa spidiloda, nikaisukuma tena, na alama nyeupe ikabaki kwenye mti, pana kama ukucha wa kidole cha mwisho.

Nilifungua skrubu, nikachukua kibao peke yake hadi kwa fundi wa fanicha kando ya Barabara ya Ngong. "Hiki ni cha nini, dada?" Nikamwambia ukweli: ni cha mpini wa bastola, nayo bastola iko nyumbani kwenye sefu. Akakitazama, akachukua tupa ya nusu duara na kuanza kula mti pole pole pale kwenye chaki, kisha msasa laini. Nilirudi nyumbani kujaribu, bado ikagusa. Nikampelekea tena kesho yake, akapunguza unene wa karatasi mbili hivi. Jioni hiyo spidiloda iliteremka bila kugusa popote. Nasema kwa uzito wote: kabla hujalaumu spidiloda, tazama mpini wako.

Kilichobaki kilikuwa maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa. Siku moja niligonga kijiti cha kutolea maganda huku mtutu ukiwa umelala, ganda moja likateleza chini ya nyota, na hapo hakuna spidiloda ya kukuokoa. Nilichokonoa kwa ukucha mpaka zamu yangu ikaisha. Sasa mtutu unatazama juu, nagonga mara moja kwa nguvu, kisha mtutu unaelekea chini ndipo najaza.

Ukanda bapa wa mpira wa kushikia risasi kwa mstari nao ninao. Unajaza mbilimbili, ni wa polepole, lakini unalala mfukoni kama pakiti ya chingamu. Klipu za mwezi, vibati vyembamba vinavyoshika risasi pamoja, ndizo za haraka kuliko zote, kwani risasi na klipu huingia pamoja na kutoka pamoja. Zilianza na rivolva za jeshi la Marekani za 1917, kwa sababu risasi ya .45 ACP haina ukingo wa kushikwa na nyota. Silinda yangu haikuchongwa kwa ajili yake, na klipu ikipinda kidogo silinda hukwama. Nikaachana nazo.

Cheti changu cha kumiliki silaha kina kikomo cha risasi ninazoruhusiwa kuwa nazo, kwa hiyo mazoezi mengi ni ya bandia. Risasi halisi nazifungia chumba kingine, nakagua chemba zote sita mara mbili, kisha nasimama mbele ya kitanda ili zinazoanguka ziangukie blanketi. Mara ishirini kila jioni, miezi mitatu.

Julai, asubuhi ya baridi na ukungu, Afande alishika tena saa. Gumba lilikuwa limekaza. Maganda yakatoka yote, kiganja kikasukuma, silinda ikafunga. Sekunde tano na nusu. HKS nilimrudishia mwenyewe siku hiyo hiyo.