Nilivyozitenganisha sauti tatu za wapuliza wa Chicago

Napuliza tarumbeta kwenye bendi ya dansi. Kiongozi wetu alipotaka tupige "25 or 6 to 4", wimbo wa Chicago, bendi ya roki ya Marekani, uliotoka mwaka 1970, kazi ya kuandika noti za wapuliza ilinijia mimi.

Wengi wanaukumbuka wimbo huo kwa gita la Terry Kath, na kweli linastahili. Ila masikio yangu huenda kwa wale watatu: Lee Loughnane kwenye tarumbeta, Walter Parazaider kwenye saksafoni na James Pankow kwenye tromboni. Bendi nyingi za roki ziliwaita wapuliza studio pale tu walipohitajika. Hata The Rolling Stones walimwalika Bobby Keys na saksafoni yake. Chicago, iliyoanza mwaka 1967, iliwaweka ndani tangu mwanzo kama wanabendi kamili. Sehemu nyingi za wapuliza alizipanga Pankow mwenyewe, na zinaimba kama mwimbaji wa pili.

Nilianza na tromboni kwa kuwa ndiyo inayojificha. Tarumbeta iko juu, huitafuti. Tromboni inazama karibu na gita na besi. Nilipunguza kasi ya rekodi kwenye simu, nikaimba kila kipande hadi kikae kichwani, ndipo nikashika ala. Besi ilinisaidia sana, maana inashuka ngazi kwa ngazi: la, sol, fa dizi (nusu sauti juu ya fa), fa, mi. Ukishaishika hiyo, unajua kila noti ya juu imeegemea wapi.

Kuandika hakukunichukua muda. Tromboni huandikwa kama inavyosikika. Tarumbeta na saksafoni ya tena (tenor) huandikwa hatua moja nzima juu ya zinavyosikika, kwa hiyo la inayosikika inaandikwa si, na saksafoni hiyo hulia oktavu moja chini zaidi.

Kazi ilikuwa mazoezini. Noti zote zilikuwa mahali pake, lakini nguvu ya rekodi haikuwepo. Nikawaomba wenzangu tupige bila dramsi wala gita, polepole, na hapo nikasikia: tulikuwa tunaanza pamoja, tunamaliza kila mtu kivyake. Nikachukua penseli, nikaweka alama pale kila noti inapokatwa na pale sote tunapovuta pumzi. Noti ndefu tukakubaliana zife kwenye pigo gani. Tukasimama bega kwa bega, mimi katikati, nikiinua mdomo wa tarumbeta kidogo kabla ya kila kuingia. Kipande cha mwanzo tulikirudia hadi mpiga dramsi, aliyekuwa amekaa pembeni, akaanza kupiga bila kuombwa. Alisema sasa anasikia ukimya wetu, na ndani yake anapata nafasi ya kupiga.

Sasa naandika "Spinning Wheel" ya bendi ya Blood, Sweat & Tears. Hiyo inataka tarumbeta mbili na saksafoni ya alto, na mpuliza tarumbeta wa pili bado tunamtafuta.