Maharagwe yaliyong'olewa mapema

Mwishoni mwa Oktoba 2022, waasi wa M23 walipoingia Kiwanja na Rutshuru, mashariki mwa Kongo, maharagwe ya msimu A, ule wa kupanda Septemba, yalikuwa kwenye maua. Yalikuwa yamepandwa katikati ya Septemba, kwa hiyo yalikuwa yanadai palizi moja zaidi na kama siku 45 hadi kukomaa. Waliopaswa kuyapalilia walikuwa barabarani kuelekea Goma, magodoro kichwani. Februari iliyofuata wengi wao walikuwa bado Kanyaruchinya, kambi ya wakimbizi wa ndani karibu na Goma, juu ya mawe ya volkano ambako jembe linatoa cheche tu.

Katika hema moja niliitwa kuangalia ndoo ya maharagwe, kama kilo 12. Vijana wa nyumba ile walikuwa wamerudi shambani mwanzoni mwa Desemba, maganda mengine yakiwa ya manjano na mengine kijani kabisa. Wasilaumiwe. Penye bunduki mkulima hachagui siku ya kuvuna: akingoja ganda likauke, atakuta mwenye silaha amemtangulia, au ganda limepasuka na kumwaga punje, au mvua imezichipusha humo humo. Waling'oa mashina mabichi, wakayasokomeza kwenye magunia, wakaacha sehemu kwenye bariyeri, vizuizi vya barabarani. Shina bichi likifungwa kwenye gunia hupata joto usiku huo huo, na ukungu huanzia hapo.

Mama mwenye ndoo aliuliza moja kwa moja: "Papa, tupande ao tukule?"

"Tuyajaribu kwanza, mama."

Tulianza na unyevu. Chukua chupa kavu, tia chumvi kavu kidogo, ongeza punje kufikia robo, tingisha vizuri, kisha acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, maharagwe bado ni mabichi kwa kuhifadhi. Iliganda. Ndoo ikamwagwa kwenye turubai juani, zikahesabiwa punje 50 bila kuchagua, zikapangwa juu ya kitambaa chenye maji kikakunjwa na kunyunyiziwa kila asubuhi. Siku ya saba zilizochipua zilikuwa 21. Mbegu nzuri ya nyumbani hutoa kama 45.

Hapo wengi hukata tamaa na kupika zote, au hupanda zote. Yote mawili ni hasara. Tulikaa na kuchambua kwa mkono: punje zilizosinyaa zikawekwa upande mmoja, zilizopasuka na zenye tundu la fukusi upande wa pili, na zenye madoa meusi au harufu ya ukungu zikatupwa mbali. Hapo ndipo tulipobishana. Watoto walikuwa wamelala na uji, na mimi nilikuwa nasema chakula kitupwe. Lakini ukungu wa nafaka na mikunde unaweza kuacha sumu ambayo moto wa sufuria hauiondoi. Zilizosinyaa lakini safi zilipikwa jioni ile.

Zilibaki kilo 5 za kupanda. Jaribio la pili, baada ya kuchambua, lilitoa 36 kati ya 50.

Mvua ya kupandia ilikuwa bado haijatulia, mbegu ikabidi ingoje, na majivu ya kuchanganyia ili kuzuia fukusi hayakutosha, kwa hiyo ndoo ikafungwa na kupewa watoto waibiringishe sakafuni asubuhi, mchana na jioni. Si mchezo. Kiluwiluwi cha fukusi wa maharagwe kikitoka kwenye yai hutafuta mahali pa kujikita ili kitoboe punje. Punje zikihama kila mara, kinashindwa kumaliza tundu na kinakufa. (Watoto walisahau mara nyingi, ila walipokumbuka waliifanya kazi kwa fujo iliyotosha.)

Kisha hesabu ya shamba. Maharagwe mafupi, yasiyotambaa, hupandwa kwa sentimita 40 kati ya mistari na 20 kati ya mashimo, punje mbili kila shimo: shamba la mita 20 kwa 50 linahitaji karibu kilo 10. Kwa uotaji kama ule nilishauri punje tatu, na hapo kilo 5 zinatosha theluthi tu ya shamba hilo. Mwenyeji aliyekuwa na udongo alikubali kutoa kipande kwa nusu ya mavuno. Mwaka wa kawaida theluthi hiyo ingetoa kilo 26 hivi. Ukiondoa nusu zinabaki 13, na nyumba ya watu saba inapika kilo nzima kwa siku. Na bado hujatenga mbegu ya Septemba.

Mama alisikiliza hesabu yote, akaniuliza kama mwenyeji atakubali pia matuta machache pembeni. Alikuwa anafikiria viazi vitamu. Marando aliweza kuomba kwa jirani bure; majani ya kwanza yangeingia sufuriani kama matembele, na shina lenyewe likaingia ardhini siku hiyo hiyo.