Dada, Nishikie Hii

Jumapili iliyopita mdogo wangu alikuja kuoshea pikipiki kwangu, maana kwake Buhongwa, Mwanza, maji yalikuwa yamekatika tangu Ijumaa. Nikampa ndoo na sabuni ya unga, mimi nikakaa kwenye kigoda nachambua mchicha. Alipokuwa anasugua chini ya kiti, kitu kikachomoka kikadondoka kwenye saruji. Nilikijua kwa mlio kabla sijageuka. Kipande cha nondo, urefu wa kiwiko mpaka kiganjani, upande wa kushikia kimezungushiwa mpira wa tyubu.

"Ya nini hii?"

"Ya usalama tu, dada. Si unajua barabara ilivyo."

Najua. Wanaonifahamu wanajua kwamba jioni sipandi bodaboda, hata mvua ininyeshee stendi. Wanadhani naogopa ajali, nami nimewaacha waamini hivyo.

Ilikuwa mwaka 2014, mwezi wa nne, masika yamepamba moto. Nilikuwa bado nafanya kazi dukani kwa mama mmoja, na Jumamosi ile nilipita Mwaloni Kirumba nikanunua sato watatu, nikawaweka kwenye kikapu na kuwafunika kwa gazeti. Nikachukua bodaboda kunipeleka nyumbani Mkolani. Kijana mpole, kofia yake ngumu ina ufa uliozibwa kwa gundi nyeusi. Njiani aliniambia pikipiki ni ya mkataba, zimebaki hesabu za miezi minne iwe yake. Alilisema hilo mara mbili.

Tukapita mjini, tukapita Igogo. Tulipofika Mkuyuni foleni ilikuwa imesimama. Kama kawaida ya bodaboda akaingia pembeni, kati ya magari na mtaro, taratibu. Mbele yetu gari jeupe lenye vioo vya giza likakata kushoto bila indiketa. Sijui kama alituona. Nimejiuliza mara nyingi na bado sijui. Ubavu wa gari ukagusa goti la dereva wangu, pikipiki ikayumba, mguu wangu ukaning'inia juu ya mtaro uliojaa maji ya mvua. Hatukuanguka. Tungeanguka, pengine hasira yote ingeishia kwenye maumivu. Badala yake kijana akajiweka sawa, akasogea mpaka usawa wa kioo cha pembeni, akakipiga teke moja. Kikavunjika, vipande vikamwagika kwenye lami.

Gari likatufungia njia. Kijana akainama, akachomoa nondo iliyokuwa imefungwa chini ya kiti, karibu kabisa na paja langu, ambayo sikujua ipo. Lakini pale pana mteremko, na pikipiki ilikuwa inarudi nyuma. Alihitaji mikono yote miwili. Akanipa bila hata kunitazama.

"Dada, nishikie hii."

Nikaishika. Mtu akikwambia nishikie, unashika.

Mwenye gari alishuka, akazunguka mbele ya boneti, akaja upande wetu. Mkononi ana bastola.

Hapo ndipo ninapopakumbuka kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu, ukiacha siku aliyozaliwa mwanangu. Alikuwa mtu mzima kiasi, shati la mikono mirefu limechomekewa vizuri, na mguu mmoja hauna kiatu. Nadhani kilibaki kwenye gari kwa haraka. Soksi yake ilikuwa ya kahawia, inalowa maji ya lami. Bastola ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani bastola zilivyo. Hakuielekeza kichwani kwa mtu. Aliielekeza mahali fulani kati ya kijana na mimi, na ilikuwa inatetemeka, inapanda na kushuka kama mkono wa mtu mwenye homa. Alikuwa anasema, "Rudia! Rudia uone! Rudia!" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa. Nilishangaa kwamba mwenye bastola anaweza kuogopa kiasi kile.

Na simu ilikuwa inaita mfukoni mwa shati lake. Mlio wake ulikuwa kwaya, sauti za akina mama, wimbo wa polepole wa kanisani. Unaimba unafika mwisho, unakatika, unaanza tena. Hakuna aliyeushughulikia.

Kuna jambo sijawahi kulisema. Nondo ilikuwa mkononi mwangu, nimeilaza juu ya kikapu, nusu imeingia chini ya gazeti. Yule bwana hakuona kwamba iko kwangu. Alikuwa ananitazama kama abiria tu, mwanamke na kikapu chake. Alisimama karibu, hatua moja na nusu. Na mimi nilikuwa tayari nimechagua pa kupiga. Nilikuwa natazama kifundo cha mkono wake, pale saa inapofungwa, na mkono wangu ulikuwa umeshaanza kukaza kwenye ule mpira wa tyubu. Mimi ambaye kuku nachinjiwa na jirani. Nondo ilikuwa nyepesi. Nashindwa kueleza wepesi ule.

Ndipo honi zikaanza. Kijiwe cha Mkuyuni walikuwa wameona mwenzao ameelekezewa bastola. Baba yetu alikuwa sungusungu, mlinzi wa jadi, miaka ya 1980, na alitusimulia habari za mwano, yowe la kuita msaada, kwamba ukipigwa usiku, mtu anatoka na upinde wake, anakimbilia sauti, maswali baadaye. Zile honi zilikuwa mwano. Walikuja kumi, wakawa ishirini, wengine wameshika mawe, mmoja ana spana. Hakuna aliyeuliza nani kamgonga nani. Na yule bwana, ambaye dakika moja nyuma alikuwa ndiye wa kuogopwa, sasa ameegemea gari lake, bastola inahama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na kila inapohama watu wanarudi hatua moja kisha wanasogea mbili. Mama mmoja muuza nyanya alikuwa amejilaza juu ya meza yake, analia "Mayu! Mayu!", mama kwa Kisukuma.

Nikasema, "Kaka, simu yako inaita."

Ndivyo nilivyosema. Sikuwa nimefikiria chochote. Kelele zilikuwa nyingi na ile kwaya ilikuwa inanichanganya, nilitaka inyamaze. Akanitazama, kwa mara ya kwanza kama anaona mtu. Akashusha macho mfukoni. Mkono wa bastola ukashuka pamoja na macho. Akafungua mlango wa abiria uliokuwa nyuma yake, akaingia kwa kujikokota juu ya viti, akaondoa gari. Jiwe likapiga kioo cha nyuma, kikasambaratika. Risasi haikulia. Hakuna aliyekufa, na hakuna aliyekwenda polisi, si sisi wala yeye nadhani, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kitu cha kuulizwa.

Kijana alinipeleka Mkolani bila neno, nikamlipa, akaondoka kwa kasi. Nilipomimina samaki kwenye beseni nondo ikatoka pamoja nao, ina magamba. Wiki iliyofuata nilimtafuta ili nimrudishie. Wenzake wakasema amehamia Geita.

Binamu yetu aliyesomea sheria nilimsimulia nusu ya habari. Akaniambia Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa mtu haki ya kujilinda yeye, mwenzake na mali yake, ila nguvu isizidi kiasi kinachostahili. Na kwamba mwenye bastola ya kibali hakupewa kibali ili agombanie vioo. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, akanionyesha, nikaisoma jioni nzima natafuta jibu ambalo halikuwemo. Maana pale Mkuyuni kila mmoja alikuwa anajilinda. Kijana alikuwa karibu kutupwa mtaroni. Mwenye gari amevunjiwa kioo na mtu ambaye, kwa alichokiona yeye, ameinama na kuchomoa chuma. Wale wa kijiwe wanamlinda mwenzao. Ukimuuliza mmoja mmoja, kila mtu ana ukweli wake na ni ukweli kweli. Kiasi kinachostahili ni kipi, na nani anakipima, mtu akiwa na soksi moja kwenye maji?

Haya yote nilimweleza mdogo wangu Jumapili, mchicha ukiwa bado mapajani. Alinisikiliza vizuri. Kisha akaniambia habari za mwenzao wa Usagara aliyekodiwa usiku na abiria wawili, akakutwa asubuhi amekufa kwenye majaruba ya mpunga, pikipiki haipo. "Yule hakuwa na kitu cha kushika, dada." Nikakosa la kumjibu. Nilimpa mkono mama wa yule mwenzao msibani.

"Kwa hiyo niitupe?" akauliza.

Nikanyamaza. Akauliza tena, "Na ile ya kwako iko wapi?"

Nikaingia ndani, nikaitoa nyuma ya mlango wa chumbani, mahali inapokaa tangu siku ile. Tulipohama Mkolani nilihama nayo. Mpira wa tyubu umekauka na kupasuka, lakini chuma hakijapata kutu kwa sababu huwa naifuta. Akaichukua, akaiweka kwenye saruji kando ya yake. Yangu ilikuwa ndefu zaidi.

Hakusema kitu. Tukakaa tunaziangalia, mpaka povu likakauka kwenye tangi la pikipiki.