Mwezi wa nne atalipa nini?

Nimetoka darasani jioni hii hapa Mtwara na furaha ambayo lazima niigawe.

Somo: uchumi na menejimenti kwa wanafunzi wa uhandisi. Niliwapa mashine mbili za kubangua korosho, mnunuzi anakopa ili anunue moja. Moja bei ya chini, ila inakula umeme na vipuri. Nyingine ghali, ila kuiendesha ni nafuu. Chagueni.

Hesabu haziwasumbui. Wanajua kuwa shilingi milioni 10 za miaka 5 ijayo, kwa riba ya asilimia 10, leo zina thamani ya kama milioni 6.2 tu. Wakajumlisha gharama zote kwa thamani ya leo, na ile ghali ikashinda.

Kisha binti mmoja wa nyuma akasimama.

"Mwalimu, marejesho ya mkopo tumeyaweka kila mwezi. Kwetu Newala pesa inaingia msimu wa korosho. Mwezi wa nne atalipa nini?"

Kimya.

Halafu nikasikia vifutio vikisugua karatasi, dawati hadi dawati. Hakuna aliyewaambia wafute!

Tukachora upya mtiririko wa fedha. Mashine ikifanya kazi miezi michache tu, ule unafuu wa umeme unapungua sana, na deni kubwa linadai mwaka mzima. Ile ya bei ya chini ikapita.

Swali lile halimo kwenye kitabu chochote nilichowapa. Limetoka shambani kwao, na nimejivunia mno.

Ndugu zangu wa Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea: mikopo ya mashine mnairejesha vipi? Niandikieni hapa, nataka kuwapelekea mifano ya kweli.