Mizunguko Miwili ya Hendeli

Ami alikichomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena, kisha akakiinua kwenye mwanga wa asubuhi bila kusema neno. Mafuta tuliyotia siku iliyotangulia yalikuwa safi, ya rangi ya asali. Yale yaliyokuwa yakining'inia kwenye ncha ya kijiti yalikuwa mazito na meupe-meupe, mfano wa chai ya maziwa iliyopoa ikafanya utando. Kila aliyewahi kufungua boneti anajua maana yake, kwamba maji yameingia kwenye mafuta. Ami alinitazama, kisha akaitazama injini, nami nikainama kana kwamba natafuta spana iliyoanguka, kwa sababu nilijua maji yale yamepitia wapi, na yeye hakujua.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Agosti, mwaka 2003, uani kwetu Tudor, Mombasa. Gari lenyewe ni pikapu ya Peugeot 404 ambayo mamangu aliinunua mkononi mwa mwenye duka mmoja mwaka 1979, kwa fedha za nazi. Mamangu hakuwahi kuendesha gari hata siku moja. Kwa miaka 18 alikaa kiti cha kushoto kando ya dereva wake, daftari mapajani, wakienda kuchukua nazi Kaloleni na kuja kuziteremsha sokoni mjini, na kwa muda huo akalijua gari lile kwa masikio kuliko dereva alivyolijua kwa mikono. Watu wa sokoni waliliita Pijo, kama Peugeot zote zinavyoitwa, na yeye wakamwita Mama Pijo, jina ambalo alijifanya halipendi.

Pijo lilisimama mwishoni mwa mwaka 1997, wakati wa zile mvua za El Niño. Feni ya gari hilo haizunguki wakati wote kama ya magari mengine ya zama zake. Huwa imelegea mpaka maji ya rejeta yapate joto, ndipo swichi ya joto inapopeleka umeme kwenye sumaku kupitia kaboni ndogo isiyozidi ukubwa wa kipande cha penseli, na sumaku huishika feni ikaanza kuzunguka. Ile kaboni iliisha, hakuna aliyetambua, na siku moja Pijo likiwa limejaza nazi kwenye vilima vya Rabai, feni haikushika. Injini ilichemka, hedi yake ya aluminiamu, yaani kifuniko cha juu cha injini, ikapinda, gasketi inayoziba chini yake ikaungua. Lilivutwa kwa kamba mpaka nyumbani, likaegeshwa chini ya mkungu wiki hiyo hiyo ambapo mvua zilikuwa zinakata barabara, na mamangu akasema litatengenezwa mvua zikiisha. Mvua zikaisha, lakini biashara nayo ilikuwa imekwisha kushikwa na wengine, na gari likabaki pale pale.

Mti wa mkungu una kivuli kizuri, lakini simshauri mtu yeyote aegeshe gari chini yake kwa miaka sita. Majani yake ni mapana kama sahani, huanguka kwa mafungu, na kila palipokuwa na mshono wa bati yalijikusanya, yakanyonya maji ya mvua na chumvi inayopanda kutoka kwenye hori la Tudor. Tulipoinua mkeka wa dereva tuliona mchanga wa ua. Mlango wa nyuma wa sehemu ya mizigo ulibaki mkononi mwangu nilipoufungua.

Mimi wakati huo nilikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, sina mume wala haraka ya kumpata, na wazo la kulifufua Pijo lilikuwa langu. Kaka yangu aliyeko Maskati alituma sehemu ya fedha kwa sharti kwamba tusimdanganye hesabu. Kazi ya bodi haina mengi ya kusimulia: fundi wa jua kali alikuja na mtungi wa gesi, akakata palipooza, akachomelea bati jipya, nami nikapiga msasa Jumamosi baada ya Jumamosi, buibui nimelitundika kwenye tawi la mkungu, nimevaa suruali ya zamani ya kaka yangu na leso kichwani. Majirani walikuwa na maneno, lakini wengi wao walileta pia kahawa. Kuhusu rangi, mamangu alikataa kila nilichopendekeza, akataka ile ile ya maziwa ambayo gari lilikuja nayo, akasema hakumwomba mtu amnunulie gari jingine.

Injini ndiyo iliyokuwa na mambo, na kwa injini tulimhitaji Ami. Si ami yangu wa damu. Ni fundi wa Majengo aliyeitunza Pijo tangu siku za mwanzo, na alikuwa amekwisha kustaafu kwa sababu ya magoti. Alikubali kuja kwa sharti la kuletewa kiti. Aliipenda Peugeot 404 kama watu wengine wanavyoipenda timu ya mpira, na hakuchoka kueleza kwamba katika mashindano ya Safari ya mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7 tu, na lililoshinda lilikuwa 404 ya Nick Nowicki. Kwamba mwaka 1968 yalianza 93 yakamaliza 7 vile vile, na mshindi akawa ni yule yule kwa gari la aina ile ile. Nilisikia hesabu hiyo mara nyingi mno, na nadhani ndiyo maana haijanitoka.

Wiki ya kwanza alimimina dizeli iliyochanganywa na mafuta ya gia kwenye matundu ya plagi, akatukataza kugusa chochote. Wiki ya pili alipenyeza hendeli kwenye tundu la chini ya bampa, akaisukuma taratibu kwa mkono mmoja, na injini iliyolala miaka sita ikazunguka. Hapo ndipo alipofungua hedi. Hakuivuta juu kama mfuniko wa sufuria. Aliitikisa kwa nyenzo mbili, huku na huku, mpaka ikaachia yenyewe, kisha akaniita nione.

Injini ya 404, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1618, imelazwa upande mmoja kwa nyuzi 45, kwa hiyo silinda zake nne zinakutazama mshazari. Kila silinda ni slivu ya chuma inayoweza kutolewa, na maji ya kupoza yanaigusa slivu hiyo moja kwa moja kwa nje. Kwa juu imebanwa na hedi. Kwa chini imekalia gasketi nyembamba ya duara, na huko chini gasketi hiyo ndiyo peke yake inayotenganisha maji na mafuta. Hedi ikishaondolewa, slivu haina kinachoizuia isipokuwa uzito wake na uchafu wa miaka. "Gari hini, hedi ikitoka, hendeli haiguswi," Ami aliniambia. "Pistoni ikipanda inaweza kuichukua slivu. Kesho nitaleta bolti na washa pana tuzibane. Sasa wacha ilale." Hedi akaipeleka kwa fundi wa mashine kusawazishwa.

Jioni ile alikuja mtoto wa kaka yangu, wa miaka minane, akaegemea ukingo wa gari akachungulia. Pistoni mbili zilikuwa juu, mbili zimezama. "Shangazi, mbona hizi zimejificha?" akauliza. Ningeweza kumjibu kwa maneno. Badala yake nilitaka aone, na ukweli ni kwamba mimi mwenyewe nilitaka kuona zaidi kuliko yeye, maana nilikuwa nimepiga msasa bati kwa miezi na sikuwa nimeona kitu kikienda. Nikaitia hendeli, nikazungusha polepole. Pistoni ya kwanza na ya nne zilishuka pamoja, ya pili na ya tatu zikapanda, ziking'aa kwa mafuta kwenye mwanga wa taa ya uani, na mtoto akapiga makofi. "Tena!" Nikazungusha tena, na katika mzunguko huo wa pili niliiona slivu ya tatu ikiinuka pamoja na pistoni yake, kiasi cha unene wa ukucha. Nikasimama. Nikachukua kipande cha mbao, nikaigonga kidogo kidogo mpaka ikarudi mahali pake, nikapitisha kidole juu, nikaona iko sawa na wenzake. Nilimwambia mtoto akalale. Kesho yake Ami alizibana slivu kwa bolti zake, nami sikusema kitu, si siku hiyo wala siku zilizofuata, wakati akisaga valvu na kukaza hedi kwa zamu tatu, kuanzia katikati akienda pembeni.

Jumamosi tuliliwasha. Mara ya kwanza lilikohoa, ya pili likarudisha moto kwenye kabureta, ya tatu likashika, na ua wote ukajaa moshi wa dizeli ile ya zamani. Mamangu alitoka na sahani ya kaimati, akasimama barazani akisikiliza, na baada ya dakika kama kumi maji yalipopata joto feni ilishika kwa mlio wake mdogo. Alicheka kwa sauti, kitu ambacho si desturi yake. Liliunguruma nusu saa. Kabla ya kulala nilifungua mfuniko wa rejeta, nikakuta maji yamepungua kiasi cha kikombe. Nilijiambia ni hewa iliyokuwa imenaswa ndani. Labda ningeamini hivyo kama usiku ule ningepata usingizi.

Sasa Ami, kijiti mkononi, alianza kutafuta kosa. Kwanza alijilaumu mwenyewe, akasema macho yake yamezeeka na huenda hakukaza sawasawa. Kisha akakumbuka fundi wa mashine. "Yule kijana hakuisawazisha hedi. Ameninyang'anya pesa," akasema, akaanza kuvaa shati lake ili aende Majengo akamtoe mtu kitandani siku ya Jumapili. Namfahamu Ami, angemwaibisha kijana yule mbele ya mtaa mzima, naye hakuwa na hatia yoyote. Shati lilikuwa limefika vifungo viwili niliposema, "Ami, keti kwanza. Nilizungusha hendeli."

Alikaa. Muda ulipita ambao sikuweza kuupima.

"Mizunguko mingapi?"

"Miwili."

"Ipi iliyoinuka?"

"Ya tatu."

Akavua shati, akalikunja, akaliweka juu ya kiti. "Basi umetupunguzia kazi ya kuitafuta," akasema, akaomba spana ya kufungulia mafuta. Hakunikemea siku hiyo, na baadaye nilitamani angenikemea.

Mamangu alikuwa barazani na alisikia yote. Alisema neno moja tu kutoka kule, kwamba gasketi hizo zitalipwa kwa mshahara wangu, si kwa fedha za ndugu yangu.

Tulipolegeza bolti ya chini ya tangi la mafuta ya injini, yalitangulia kutoka maji matupu, kwa kuwa maji ni mazito na hukaa chini, kisha ukafuata ule uji mweupe. Tulirudia kazi yote, safari hii kwa mikono yangu na maneno yake. Hedi ikatoka, tangi la chini likatoka, pistoni zikatoka pamoja na slivu zake. Ami alizikagua beringi za krenki moja moja akazikuta salama, kwa sababu tu injini ilikuwa imefanya kazi nusu saa. Mafuta yaliyochanganyika na maji hayalainishi kitu, na siku moja ya safari ingetosha kuzimaliza. Chini ya slivu ya tatu, mahali inapokalia, tulikuta chembe ya kutu isiyozidi punje ya mtama. Iliingia pale slivu ilipoinuka, na nilipoigonga kwa mbao niliikandamiza ndani ya gasketi. Ami aliichukua kwa ncha ya kisu, akaiweka kiganjani mwangu, akaendelea na kazi.

Gasketi za chini zililetwa kwa basi la usiku kutoka maduka ya vipuri ya barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Nilisafisha vikalio vya slivu kwa siku mbili, kwa kitambaa, mafuta ya taa na kijiti cha mnazi, na kila nilipodhani nimemaliza Ami alipitisha kidole na kunionyesha palipobaki. Slivu zilipokaa, aliweka rula ya chuma juu yake na kunifundisha kupima kwa vibati vyembamba jinsi kila moja inavyotokeza juu ya bloku, sehemu ndogo sana ya milimita, zote nne kwa kiwango kimoja, maana hapo ndipo hedi inapopata cha kubana. Halafu tukazifunga kwa bolti na washa, na hendeli akaichukua kwenda nayo kwake mpaka kazi iishe.

Safari ya kwanza ilikuwa alfajiri, wiki ya tatu ya Septemba. Ami aliendesha, mamangu akakaa kiti chake cha kushoto, nami nikakaa nyuma kwenye sehemu ya mizigo kama gunia. Tulivuka daraja la Nyali giza likiwa linapungua, tukasimama Kongowea karibu na wauza nazi. Mamangu alishuka, akaamuru boneti ifunguliwe, akaniambia nitoe kijiti. Aliyatazama mafuta, akayasugua kati ya vidole viwili, akavinusa, akavifuta kwenye pindo la leso. Kisha akatoa daftari, akamgeukia mchuuzi wa kwanza na kumwuliza nazi mia moja ni bei gani.